Usiku mmoja ni wa Mpala, Kirungu inataka mbili

Barua ya juma hili imeandikwa kwa kalamu mbili. Ya buluu iliisha wino katikati, ikamaliziwa kwa nyekundu. Aliyeiandika anakaa Kataki, hapa Kalemie, ana miaka ishirini na tisa na watoto wawili, na yumo katika likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Nimepunguza salamu tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mkononi mwake:

"Yaya, tuko wanawake kumi na mbili mu likelemba yetu. Mwaka huu tulisema tusinunue tena sahani na bikwembe, twende kutembea. Kuko kijana moja anasema atatupeleka, tutalala usiku moja: tuone misioni ya Mpala, tupande Kirungu tuone kanisa kubwa na milima, tukule chakula ya kule, turudi. Anaomba pesa yote mbele. Bwana yangu anauliza, mutalala wapi? Mimi sina jibu. Dada yangu wa Dubai alienda Armenia, akatuma picha za makanisa ya mawe juu ya milima na mkate mwembamba kama kitambaa. Nikasema, na sisi pia. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, nenda. Nimetanguliza jibu ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Ila usiende kwa mpango huo, na usitoe pesa yote mbele.

Tuanze na dada yako wa Dubai, maana naona picha zake ndizo zilizokuchoma. Hakudanganywa. Armenia ni nchi ndogo ya milima, na watu wake wanahesabu kwamba ufalme wao ulipokea Ukristo mwaka 301. Wana nyumba za watawa za karne na karne. Ile ya Geghard, sehemu yake imechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Ile ya Tatev iko ukingoni mwa bonde, na tangu mwaka 2010 watu wanafika kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya wenye urefu wa kilomita 5.7. Mkate wa kwenye picha ni lavash. Unabandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini, punde unabanduliwa. Kutoka Dubai ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege, ndiyo maana watu wanaofanya kazi Ghuba wanaenda huko wakipata likizo.

Sasa jiulize dada yako alinunua nini. Mawe hayakuwa ya kuuzwa, na hewa ya mlimani haina bei. Alinunua kiti kwenye gari, kitanda, sahani, na mtu wa kumwambia anachokitazama. Na vyote vinne alivijua kabla ya kutoa pesa: gari linaondoka saa ngapi, hoteli inaitwaje, mezani kuna nini, mwongozaji anasema lugha gani. Hapo tu ndipo walipotuzidi. Milima tunayo. Misioni za kale tunazo. Samaki tunao wa kuwashinda, wao hawana ziwa kama hili letu la Tanganyika. Tunachokosa ni karatasi moja yenye majibu manne, na kijana wenu hajaiandika.

Tupime njia yenyewe. Mpala iko kusini mwetu, kama kilomita mia moja ukifuata ufuko, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Moba iko mbele zaidi, kilomita arobaini na kitu kutoka Mpala, na Kirungu iko juu ya Moba, unapanda kutoka bandarini. Kijana anawaambia mtafika Mpala, mtazame, mle, mwende Moba, mpande Kirungu, mtazame, mle, mlale na kurudi, yote kwa usiku mmoja. Labda ana helikopta. Kwa boti zetu na barabara zetu, usiku mmoja ni wa Mpala peke yake. Kirungu inataka mbili, na ukisikia anayekuahidi vyote kwa usiku mmoja, ujue ama hajawahi kufika, ama amefika na anajua hamtafika.

Barabara sitaisema sana. Wakati wa mvua, kuanzia Oktoba mpaka Aprili, matope yanaamua wewe utalala wapi. Wakati wa jua pikipiki zinapita, lakini wanawake kumi na mbili kwenye pikipiki siku nzima, mtafika Mpala mkitafuta dawa ya mgongo, si misioni. Na jimbo letu limeona vita vya kutosha, kwa hiyo njia ya nchi kavu inaulizwa juma lile lile la safari, kwa watu waliotoka huko jana. Habari ya mwezi jana haikusaidii kitu.

Inabaki maji. Hapa naomba unisikilize kama mama yako. Desemba 2014 boti la Mutambala lilizama baada ya kutoka hapa Kalemie, likielekea kaskazini. Walikufa zaidi ya watu mia moja. Wengi wetu tunajua nyumba iliyofunga mlango juma lile. Ziwa hili, penye kina kirefu kabisa, linakwenda chini mita 1,470, na milima ya upande wetu inaingia majini kama ukuta. Kuna sehemu ndefu ambazo dhoruba ikikukuta hakuna mchanga wa kukimbilia, ni mwamba mtupu. Basi kabla ya kumpa kijana hata faranga moja, nendeni wawili au watatu mkaione boti yenyewe, hiyo baleniere, siyo picha yake. Hesabuni zile jaketi za kuokolea maisha, mnazoziita jile. Ziwe kumi na mbili zenu, na za watu wa boti juu yake. Mzivae palepale mkiwa bado nchi kavu, mfunge kamba, maana nimeona jile zenye kamba zilizooza. Muulize boti inabeba nini kingine. Akisema "mzigo kidogo tu wa sementi", shikeni njia mrudi nyumbani.

Na upepo. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na nyinyi mnakwenda kusini, kwa hiyo utawapiga usoni njia nzima. Kurudi utawasukuma. Anayepanga saa za kwenda sawa na saa za kurudi katika miezi hiyo, hajui ziwa. Wakati wa mvua ni kinyume: asubuhi maji yametulia kama mafuta, alasiri wingu linashuka kutoka mlimani na huna nafasi hata ya kumaliza Salamu Maria. Ondokeni alfajiri, msikubali kuondoka saa nane mchana kwa sababu eti abiria mmoja anangojwa. Mimi napenda Septemba. Si sheria, ni mapenzi yangu.

Tuingie Mpala sasa, maana hapa ndipo mwongozaji anapopimwa.

Mara ya kwanza nilikwenda na walimu wenzangu, miaka ya nyuma, na mwongozaji tuliyemlipa vizuri. Sitamtaja, ana wajukuu sasa. Tulifika jua linazama, mabegi kichwani, akatusimamisha mbele ya kanisa akakohoa kama mhubiri. Akaanza: "Hapa Wazungu walikuta pori tupu." Pembeni kulikuwa na mama mzee anaanua ndakala, wale samaki wadogo, kwenye mchanga, anawakusanya kwa ufagio mdogo wa njukuti. Hakuinua kichwa. Akasema, "Pori? Na huyo Mpala alikuwa mti?"

Tulicheka mpaka mmoja wetu akaketi chini. Mwongozaji alicheka pia, lakini hakuwa na la kuongeza. Alikuwa amekariri tarehe za wageni tu. Mama yule ndiye aliyetueleza, huku mikono inafanya kazi, kwamba Mpala ni jina la mtu, chifu wa hapo, na kijiji wenyewe wanakiita Lubanda, na Batabwa walikuwa na machifu wao, na ugomvi wao, na biashara yao, kabla hajatokea mtu wa kusimamisha bendera.

Ndiyo maana nakwambia, mwongozaji wako akushikie nusu zote mbili. Nusu ya kwanza ni hii. Mei 1883 Mbelgiji mmoja, Émile Storms, mwanajeshi, alivuka kutoka Karema ng'ambo ya ziwa, akajenga ngome Mpala kwa jina la chama cha mfalme Leopold. Hakukaa kwa amani. Chifu Lusinga, mwenye nguvu katika nchi ile, alikataa kumwinamia, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, hatumfichi. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua, wakamkata kichwa. Fuvu lake likasafiri mpaka Ubelgiji, likaishia katika taasisi ya sayansi asilia huko Brussels. Sanamu ya mti ya ukoo wake nayo ilichukuliwa, iko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Ubelgiji walimchongea Storms sanamu ya kichwa, wakaiweka katika bustani ya mji wa Ixelles, na ikakaa pale mpaka Juni 2022 walipoiondoa. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu Lusinga auawe.

Nusu ya pili. Mwaka 1885 Storms aliitwa kwao, na ngome ikapewa Mapadri Weupe, wale wa Kardinali Lavigerie. Ngome ikageuka misioni. Ndipo wakaanza kukusanyika watu waliokimbia utumwa na vita, watoto waliokombolewa, na wenyeji waliotaka shule au usalama au vyote viwili. Mwaka 1887 akaja Mfaransa Léopold Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, kulinda misioni kwa bunduki. Huyu hakurudi kwao tena. Mwaka 1888 alimwoa binti wa hapa, Agnes Atakaye, wakazaa, na alikufa katika nchi ya Moba mwaka 1927. Wanawake wa likelemba, muulizeni mwongozaji wenu habari za Agnes. Wengi watawapa nusu saa ya Joubert na dakika moja ya mke wake. Wafundisheni kuongeza.

Mtu akikusimulia ngome bila fuvu, au fuvu bila shule, amekupa nyama bila chumvi na unalipa bei ya sahani nzima. Sisemi hivyo kuwaharibia sala. Mimi ni Mkatoliki, nilisali pale asubuhi na machozi yalinitoka. Lakini nilisali vizuri zaidi baada ya kumsikiliza yule mama.

Sasa swali la bwana yako. Umeliandika kama malalamiko, mdogo wangu, kumbe ni swali zuri kuliko yote katika barua yako. Mtalala wapi? Wakati wetu mwongozaji alikuwa hajaandika barua wala kupeleka mtu. Tulifika, vyumba vya wageni vimejaa, kuna mafungo ya makatekista. Hakuna wa kulaumiwa pale misioni, wangejuaje? Tulilala kwa yule yule mama wa ndakala, wanane kwenye mikeka miwili, tumejifunika bikwembe, na harufu ya samaki ilikaa kwenye nywele zangu siku nne. Leo nacheka. Usiku ule sikucheka.

Misioni si hoteli. Unaomba mapema, kwa barua au kwa simu ya parokia, unataja idadi, wanawake wangapi, usiku gani. Unapata jibu ndipo unalipa boti. Ukifika, unakuta lango linafungwa mapema, taa ya mota inazimwa saa ambayo nyumbani ungekuwa bado unatazama filamu, na asubuhi kengele haikuulizi umelala saa ngapi. Mtu aliyekuja na "mchumba" atapewa chumba upande mwingine wa ua, asikasirike. Muziki wa simu unazimwa. Mezani mnakula kilichopikwa. Wakati wa kuondoka mnaacha mchango, na hapo msijifanye hamjui: bei ikiwa imetajwa mlipe, isipotajwa mtoe kama mnavyotoa kwa mtu aliyewapa kitanda cha mtoto wake.

Bwana yako mpe jibu lenye jina la nyumba, namba ya simu ya parokia, na siku ya kurudi. Mpe juma mbili kabla, siyo jioni ya safari wakati begi liko mlangoni. Akikataa baada ya hapo, tutazungumza jambo lingine. Ila nadhani hatakataa. Wanaume wengi wanaokataa safari za namna hii wanakataa giza, siyo Mpala. Na kama anataka kuja, aje, alipe kiti chake na abebe maji.

Maji, ndiyo. Kipindupindu hapa kwetu si mgeni, anakuja kila mwaka kama shangazi. Msinywe ya ziwa hata yakiwa yanang'aa mpaka unaona changarawe. Bebeni yaliyochemshwa, na sabuni.

Chakula sasa, sehemu ninayoipenda, na hapo ndipo mnapoweza kupangiwa vibaya kuliko popote, kijana wenu akichagua tarehe bila kutazama mwezi. Ninasema mwezi wa angani. Ndakala na mikebuka wanavuliwa usiku, kwa taa, na taa inafanya kazi penye giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na wewe mgeni utakula samaki wa juzi. Nendeni mwezi ukiwa mwembamba au haupo. Usiku ule mkiketi ufukweni mtaona taa za mitumbwi zimejipanga ziwani kama mji mwingine umezaliwa huko, na mtasikia wanaume wakiitana majini. Armenia hawana hiyo. Tena ulizeni kama uvuvi umefunguliwa. Siku hizi nchi za ziwa zinafunga uvuvi kwa muda ili samaki wazae. Tanzania ilifunga kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024, kwa hiyo msiende bila kujua upande wetu umepangwaje mwaka huo.

Mkifika siku nzuri, hivi ndivyo nilivyoona mikebuka ikitengenezwa alfajiri ile. Wavuvi walikuwa hawajafunga kamba, mama tayari ameinama na beseni. Alichagua wale wa urefu wa kiganja na nusu, akapasua tumbo kwa kisu kilichochakaa mpaka kimekuwa chembamba kama sindano, akatoa yote kwa kidole kimoja. Hakukwangua magamba. Chumvi ndani, chumvi nje. Makaa yalikuwa yamefifia, na ndivyo alivyotaka, akasema moto mkali ni wa mtu mwenye haraka. Akawaweka kwenye waya, akawaacha. Sisi tulitaka kugeuza, akatupiga mkono. Aligeuza mara moja tu, ngozi ikabaki nzima. Pembeni pilipili mbichi imepondwa na chumvi na ndimu, basi. Bukari ilikuwa ya muhogo uliochanganywa na mahindi, ngumu kidogo, na sombe, yale majani ya muhogo kwa mawese, iliyolala usiku ikawa tamu zaidi. Hatukuzungumza. Mwenzetu mmoja mwenye maringo ya mjini aliyezoea uma alikula kwa mikono miwili.

Kwa hiyo kwenye ile karatasi andikeni: chakula kinapikwa na mama wa hapo, na analipwa mkononi mwake. Kuna waongozaji wanaobeba mkate na sardini za kopo kutoka Kalemie, wanawapa watu ufukweni mwa ziwa lenye mikebuka, wanabaki na tofauti mfukoni. Mkikuta kopo la sardini, mna haki ya kupiga kelele.

Kirungu nayo niiseme, ili mkichanga mwaka ujao mjue mnachanga kwa nini. Ukitoka Mpala kwenda kusini nchi inainuka. Ziwa lenyewe liko mita kama 770 juu ya bahari, lakini milima ya Marungu inapita 2,400. Maana yake mtu wa Kalemie aliyezoea kulala bila shuka atatetemeka. Bebeni sweta ya kweli, siyo ile ya fasheni yenye matundu. Huko juu kuna nyasi, ng'ombe, maharagwe, viazi, na asubuhi ukungu umelala chini yako badala ya juu yako. Mara ya kwanza niliona ng'ombe wengi wamesimama juu ya mawingu, nikadhani bado nina usingizi.

Kirungu ndiyo Baudouinville ya zamani. Mapadri Weupe waliianzisha mwaka 1893, na askofu Victor Roelens alikaa huko mpaka alipokufa mwaka 1947. Kanisa ni la matofali, kubwa kuliko unavyotegemea kulikuta juu ya mlima. Usitosheke na kupiga picha mlangoni. Hapo Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, alipewa upadri Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii ya Marungu, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Alikuwa pia mwandishi, alichapisha maandishi yake juu ya fikra za Wabantu tangu mwaka 1910, kabla hata hajapewa upadri. Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya mpaka wa akiba, lakini huyu nikimtaja darasani wananitazama. Mkifika, mwambieni mwongozaji aanze na Kaoze, halafu Roelens. Akianza kinyume msimkate, ila mkumbusheni.

Hiyo haiwezekani kwa usiku mmoja, nimekwisha kusema. Usiku wa kwanza Mpala, wa pili Kirungu, siku ya tatu mnarudi. Anayetaka kuongeza Pepa, ndani zaidi huko milimani Marungu, atakuwa na juma zima na gari lake.

Pesa tumalizie hapo. Mpeni kijana sehemu, theluthi hivi, ya mafuta ya boti, na aandike mbele ya mashahidi wawili wa likelemba. Theluthi ya pili siku ya kupanda, mkishavaa jile. Ya mwisho mkishakanyaga Kalemie. Akisema haiwezekani, mwambieni hata nyinyi kwenye likelemba hamgawi zamu zote siku moja. Mkimlipa kwa dola, ziwe safi, mnajua wenyewe noti yenye mpasuko wa ukucha inavyokataliwa hapa. Na faranga ndogo ndogo mzibebe nyingi, kwa sababu mama wa samaki hana chenji, na ni aibu kumwambia mtu aliyekulisha "nitakutumia".

Kila mmoja awe na kadi yake ya mpiga kura. Simu zijazwe moto kabla. Mmoja wenu abaki na orodha ya majina kumi na mbili na namba za watu wa nyumbani, na nakala ya orodha hiyo ibaki Kataki kwa mtu asiyesafiri. Huyo ndiye atakayejua mmechelewa.

Mdogo wangu, mpelekee kijana maneno haya bila ugomvi. Pengine hana nia mbaya, hajaulizwa tu. Akirudi na karatasi yenye boti, kitanda, mpishi na mtu anayejua Agnes ni nani, mlipeni theluthi yake siku hiyo hiyo. Na mkirudi salama, nileteeni beseni dogo la ndakala wa Mpala. Muwachague kabla, mchanga usinitie meno.